Dini na Ujirani katika Shule ya Parokia

Huko Shume, kama kwingineko katika milima ya Usambara, Wakatoliki hupakana mashamba na Waislamu na Walutheri. Wengine ni wa ukoo mmoja. Kengele ya kipindi cha dini ikilia, darasa hugawanyika. Je, litaungana tena? Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoziweka shule nyingi za misheni mikononi mwa Serikali, haikukifuta kipindi hicho, wala haikulijibu swali hilo.

Twashauri vikundi vya kazi vipangwe kwa vitongoji, si kwa dini. Watoto wakisha kupalilia viazi pamoja, au kumtekea maji bibi mgonjwa, mwalimu wa dini amepata pa kuanzia somo la Msamaria Mwema. Asiharakie kusimulia. Kwanza aulize: juzi nani alikusaidia, naye ni wa nyumba ipi? Mtoto Mkatoliki akimtaja jirani Mwislamu, nusu ya fumbo imekwisha kueleweka, kwani Wayahudi na Wasamaria nao hawakuwa wakichangamana.

Lakini kazi hizo zisigeuzwe mtego wa kubatizia. Mzazi akishuku hivyo atamwondoa mwanawe shuleni, na sisi hatutakuwa na la kumjibu.