Kitufe kilichonenepesha kinanda

Kila noti ya kanuni, ile ala ya taarabu inayolazwa mapajani, huwa na nyuzi tatu. Mpigaji huzikaza zote ziwe sawa, lakini sawasawa kabisa haziwi: mmoja hupanda kidogo, mwingine hushuka kidogo. Utamu wa kanuni umo humo, katika kutokubaliana kwa nyuzi zake.

Kinanda cha umeme hakina nyuzi. Roland Juno-60, kilichotoka Japani mwaka 1982, kiliweza kutoa noti sita kwa pamoja, lakini kila noti ilitegemea osileta (saketi inayozalisha sauti) moja tu. Kaka yake wa bei ghali, Jupiter-8 wa 1981, alikuwa na mbili kwa kila noti. Isitoshe, osileta ya Juno ilidhibitiwa kidijitali, haikuyumba. Uthabiti huo ulimwokoa mpigaji na kazi ya kurekebisha ala kila mara, ila sauti ilibaki nyembamba na kavu, mithili ya kanuni iliyoachiwa uzi mmoja.

Dawa ilikuwa korasi. Si ile korasi ya wimbo, yaani kiitikio. Hii ni saketi inayotengeneza nakala ya sauti na kuichelewesha kwa milisekunde chache. Ndani yake mna chipu inayopokezana sauti hatua kwa hatua, kama majirani waliojipanga mstari wakipeana ndoo za maji nyumba inapoungua. Mwendo wa kupeana huongezwa na kupunguzwa taratibu, na kila unapobadilika, nakala hupanda au kushuka kidogo. Ikichanganywa na sauti ya asili, sikio husikia kundi.

Juno hutengeneza nakala mbili. Ya kushoto ikipanda, ya kulia hushuka, na sauti hutanuka kujaza chumba. Kitufe cha I huyumbisha polepole, cha II kwa kasi zaidi.

Mpigaji mwenye busara hachovyi kila kitu humo. Besi ikitiwa korasi nyingi hupoteza nguvu, na wimbo hukosa mguu wa kusimamia.

Chipu zile zilikuwa na kasoro pia: ukibonyeza kitufe, mvumo mwembamba husikika nyuma ya muziki. Leo kompyuta ingeweza kutoa korasi isiyo na doa, lakini baadhi ya programu zinazoiga Juno huuigiza hata mvumo huo. Wapigaji wameuzoea, na ukikosekana wanahisi kinanda si chenyewe.