Ndege Huyu, si Ndege Hii: Familia za Ndege Mpakani Busia na Tororo

Mwanafunzi akiulizwa jina la ndege fulani kwa Kiswahili, mara nyingi hujibu "ndege" tu. Sisi walimu tumelizoea jibu hilo. Lakini mwanafunzi huyo huyo, ikiwa ametoka Busia au Tororo, huenda anawajua ndege wengi kwa Kisamia, Kiteso au Dhopadhola. Kinachomkosesha jibu ni msamiati wa Kiswahili. Katika makala hii tunapenda kuwasaidia wasomaji kuanza kuuziba upungufu huo.

Afrika ina zaidi ya aina 2,000 za ndege. Kenya na Uganda kila moja ina zaidi ya aina 1,000. Wataalamu huzikusanya aina zenye uhusiano katika familia. Jina la Kiswahili nalo mara nyingi hutaja kundi zima. Mnana, kwa mfano, ni jina la ndege wengi wasukao viota vinavyoning'inia mitini. Pasa ni ndege wadogo wa kahawia wenye mikia mirefu, ambao huparamia matawi kama panya wakitafuta matunda. Familia ya pasa haipatikani porini nje ya Afrika. Shorobo nao, ndege wakubwa walao matunda, ni wa Afrika peke yake. Wengi wao wana wekundu wa mabawa unaotokana na rangi yenye shaba.

Wakati mwingine jina moja hubeba familia mbili. Korongo ni mfano mzuri. Korongo mwenye upara anayechakura majalala ya mjini na korongo mwenye taji la dhahabu anayetembea kwenye majani ya kinamasi hawana ukoo wa karibu, ingawa wote wana miguu mirefu. Huyu wa taji yuko karibu zaidi na kukuziwa.

Hapa sarufi inatusaidia. Ndege, awe katika ngeli yoyote, hupatanishwa kama kiumbe hai:

Korongo huyu ameruka. Korongo hili lina maji (bonde).
Kanga huyu ametaga; kanga hii imechakaa (vazi).
Mbuni huyu anakimbia. Mbuni huu umezaa (mti wa kahawa).
Tai huyu anawinda. Tai hii inanibana (ya shingoni).
Ndege huyu ametua mtini. Ndege hii imetua Entebbe.

Mwalimu anayefundisha upatanisho kwa mifano hii anafundisha masomo mawili kwa mpigo.

Kuna sababu nyingine ya kufanya haraka. Korongo mwenye taji yumo katika bendera ya Uganda tangu mwaka 1962, lakini mwaka 2012 aliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka. Hutaga katika vinamasi, na vinamasi vinakaushwa ili kupata mashamba. Ndege akitoweka mtoni Sio, mtoto hatakuwa na sababu ya kulijua jina lake katika lugha yoyote.

Kwa hiyo tunawaomba wanafunzi wetu wa mpakani, mwendapo likizo, mwaulize wazee majina ya ndege watano katika lugha ya nyumbani. Andikeni pia umbo, mlio na chakula cha kila mmoja. Mkirudi, tutatafuta pamoja jina la Kiswahili. Na pale ambapo halipo, tutajadili iwapo jina la nyumbani linafaa kukopwa.