Pikipiki Ikigoma Kuwaka: Hatua za Kufuata Kabla ya Kumwita Fundi

MOSHI, KILIMANJARO

Kwa afisa usafirishaji, maarufu kama bodaboda, anayeegesha pikipiki yake Majengo katika Manispaa ya Moshi, injini inayogoma kuwaka alfajiri si usumbufu mdogo. Abiria anayewahi matibabu Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Mawenzi, hawezi kusubiri, na hesabu ya siku anayodaiwa na mwenye chombo haipungui. Hata hivyo, mara nyingi chanzo huwa kidogo na hubainika kwa ukaguzi unaofuata utaratibu.

Injini ya petroli huhitaji mambo matatu ili iwake: mchanganyiko sahihi wa mafuta na hewa, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche ya plagi. Kimojawapo kikikosekana, kupiga kiki mfululizo hakusaidii.

Hatua ya kwanza ni kuangalia swichi ya kuzimia injini iliyopo kwenye usukani, ambayo huguswa bila dereva kujua, na kuhakikisha gia iko huru.

Pili, mafuta yakaguliwe. Tangi lifunguliwe na koki iangaliwe kama iko wazi. Mafuta yakiwa chini, igeuzwe upande wa akiba. Kiberiti au sigara visisogezwe karibu. Petroli ya kwenye chupa inaweza kuwa na maji au uchafu unaoziba kabureta. Ni salama zaidi kununua katika vituo vyenye leseni ya EWURA.

Tatu ni umeme. Taa zikififia na honi ikilia kwa unyonge, betri imechoka au nyaya zake zimelegea. Pikipiki yenye kiki bado inaweza kuwashwa kwa mguu. Taa zisipowaka kabisa, fyuzi ikaguliwe.

Nne ni plagi. Ifunguliwe injini ikiwa imepoa. Iliyolowa petroli ikaushwe. Yenye masizi isafishwe kwa brashi. Wakati wa masika, au baada ya kuosha chombo, kofia ya plagi ikaushwe pia, kwa kuwa maji hupoteza cheche.

Katika baridi ya Juni hadi Agosti, hasa kwa wanaolala maeneo ya juu kama Kibosho na Uru, choki hutumika kuwashia, kisha hurudishwa injini inapopata joto. Ikisahaulika, mafuta huzidi na plagi hulowa.

Kuishtua pikipiki mteremkoni kusifanyike ikiwa na abiria wala kwenye barabara yenye magari mengi.

Hatua hizo zisipozaa matunda, tatizo laweza kuwa kwenye kabureta, koili au mgandamizo. Hapo chombo kipelekwe kwa fundi mwenye ujuzi, naye aelezwe yaliyokwisha kukaguliwa. Maelezo hayo humwezesha kuanzia mahali sahihi, na humwepusha mwenye pikipiki kununua kifaa kisichohitajika.