Kabla ya Kung'oa Propela

Theluji ya kaskazini mwa Japani ndiyo iliyofanya hata gari dogo la mjini kama Toyota Vitz litengenezwe pia kwa toleo lenye propela na difu ya nyuma. Watu wa Hokkaido walihitaji tairi zote nne zisukume. Miaka kadhaa baadaye gari lile lile hushushwa Mombasa au Dar es Salaam. Siku mwenyewe atakaposikia mvumo chini ya sakafu, au gari kukaza kwenye kona, ushauri wa kwanza atakaopewa ni kung'oa propela ili libaki la kuvuta mbele, na mafuta nayo yapungue.

Ushauri huo unanitia wasiwasi, kwa sababu kazi hiyo moja huliacha gari hili likitembea salama kwa miaka, na gari lile huliharibia giaboksi. Yote hutegemea jinsi nguvu inavyogawanywa kati ya mbele na nyuma.

Tairi za mbele na za nyuma hazisafiri umbali sawa. Chukua gari lenye mita 2.5 kati ya ekseli zake, likipiga mduara ambao katikati ya ekseli ya nyuma iko mita 5 kutoka kitovu. Likimaliza mzunguko mmoja, nyuma imekwenda mita 31 na mbele mita 35. Kama propela ingezifunga ekseli hizo pamoja bila kulegeza popote, tairi zingelazimika kuburuzika. Kwenye tope zinaburuzika bila shida, lakini kwenye lami kavu vyuma ndivyo vinavyoumia. Kwa hiyo lazima pawepo kitu cha kumeza tofauti hiyo, na watengenezaji wamekwenda njia mbili kuu.

Njia ya kwanza ni difu ya kati, kama ilivyo kwenye Subaru nyingi za gia za mkono. Kila aliyewahi kunasa anajua tabia ya difu: tairi iliyo kwenye utelezi inazunguka ovyo, iliyo pakavu imetulia tu. Sasa ng'oa propela. Upande wa nyuma wa difu ya kati umebaki bila mzigo wowote, kwa hiyo nguvu ya injini inaishia huko huko. Gari likisogea, ni kwa sababu ya kaplingi ya silikoni iliyowekwa kuzuia tofauti kubwa ya mzunguko. Kaplingi hiyo iliumbwa kusaidia kwa sekunde chache. Ikibebeshwa gari zima itachemka mpaka ife. Hapo fundi hana budi kufungua giaboksi na kuifunga difu ya kati moja kwa moja, kazi ambayo kijiweni haitajwi kabisa.

Njia ya pili ni klachi ya sahani nyingi inayopeleka nguvu nyuma inapohitajika. Hapa mambo ni mepesi. Nissan X-Trail ya kwanza ina swichi ya kuchagua tairi mbili. Subaru nyingi za otomatiki za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zina soketi kwenye boneti iliyoandikwa FWD: ukichomeka fyuzi, kompyuta ya giaboksi inaachia presha ya klachi na taa inawaka kwenye dashibodi. Ni kipimo kizuri sana kwa fundi. Kama kukaza kwenye kona kumeisha baada ya fyuzi, klachi ndiyo yenye kesi. Lakini mafuta hayatapungua kwa maana, kwa sababu tairi za nyuma bado zinaizungusha propela na difu.

Tena hata gari lililotoka kiwandani bila propela haliokoi kiasi ambacho watu hutarajia. Kwa makadirio rasmi ya Marekani, RAV4 ya 2015 ya kuvuta mbele hutumia takriban lita 9 kwa kilomita 100, na ya tairi nne takriban lita 9.4.

Mara nyingi ugonjwa wenyewe huanzia kwenye tairi. Subaru hutaka mzingo wa tairi zote nne usipishane zaidi ya milimita 6.4. Weka mbili mpya mbele na uache nyuma zilizolika milimita 3 tu, mzingo umeshapishana karibu milimita 19. Hiyo ni kama mita 9 katika kila kilomita, hata barabara ikiwa imenyooka, na klachi au kaplingi inazimeza zote kwa joto. Sisi tunaonunua tairi moja moja za mtumba tunaviua vifaa hivi polepole, kisha tunailaumu propela. Futikamba ya fundi cherehani inatosha kukagua.

Anayeamua kung'oa bado ana mambo mawili ya kuhakikisha. Kichwa cha mbele cha propela mara nyingi ndicho kinachoziba tundu la giaboksi. Bila kizibo imara, oili itamwagika barabarani. Na ukitoa shafti za nyuma, kiungo cha nje kirudishwe ndani ya habu na nati yake ikazwe sawasawa, maana kwenye magari mengi ndicho kinachoibana beringi. Kukiacha nje ni kuhatarisha tairi kuchomoka.

Lakini aliyepoteza difu ya nyuma na hapati nyingine, huku gari lake likiwa la klachi, ana sababu halali ya kung'oa. Ajue tu kwamba kwenye mlima uzito wa gari huhamia nyuma, na tairi za mbele, ambazo sasa zinavuta peke yake, hupungukiwa na mzigo wa kuzikandamiza chini. Masika ikikolea kwenye vilima vya Lushoto, huenda akalazimika kupanda kwa rivasi.