Shule za Jumamosi za Watu Weusi mjini London

Tunapojadili elimu ya ukombozi, makada wengi hutazama Afrika peke yake. Tuitazame London, makao makuu ya ubeberu ulioleta kasumba yenyewe.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza iliwahitaji wafanyakazi kutoka visiwa vya Karibi kuendesha mabasi, treni na hospitali zake. Jasho lao lilitakiwa. Watoto wao hawakutarajiwa kuwa zaidi ya vibarua. Walipimwa akili kwa mitihani iliyotungwa kufuatana na maisha ya Mwingereza mweupe, na wengi mno wakapelekwa katika shule za wale waliohesabiwa kuwa na upungufu wa akili. Aliyeingia huko alitoka kwa nadra. Mwaka 1969 halmashauri ya Haringey ilikusudia kuwagawa wanafunzi kwa vipimo vya uwezo. Waraka wa siri ukavuja, ukidai kwamba watoto wa Karibi wana akili ndogo. Wazazi wakachachamaa.

Hawakuishia kwenye kupinga. Mwaka huohuo John La Rose, mzaliwa wa Trinidad, alianzisha shule nyumbani kwake, akaipa jina la George Padmore, mmoja wa waandaaji wa Mkutano wa Manchester wa 1945 ambao Nkrumah na Kenyatta walishiriki. Shule za namna hiyo zikaenea majumbani na katika kumbi, walimu wakijitolea. Zilifundisha hesabu, kusoma na kuandika, pamoja na historia ya watu weusi. Mzazi hakutaka fahari tupu. Alitaka mtoto afaulu.

Mwaka 1971 Bernard Coard, mwalimu kutoka Grenada, alifichua katika kijitabu jinsi shule zilivyomfanya mtoto wa Karibi aonekane mjinga. (Ndiye Coard wa mapinduzi ya Grenada ya 1979, mwisho wake wa 1983 ni mjadala mwingine.) Kilichapishwa na New Beacon, kampuni ya La Rose na Sarah White, siyo na wachapishaji wakubwa. Sheria ya Elimu ya 1981 ikalifuta fungu hilo la watoto.

Wapo wanaosema shule hizi zilikuwa kiraka, kwa kuwa siku tano za wiki mtoto alirudi katika mfumo uleule. Ni kweli. Lakini tunauliza: bila Jumamosi ile, nani angemwambia mzazi kwamba kosa halikuwa la mwanawe? Hadi leo watoto wenye asili ya Karibi hufukuzwa shule Uingereza kupita wenzao weupe, na shule za Jumamosi bado zinafunguliwa.