Bolti Iliyolegea na Maumivu ya Kichwa Safarini

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia chini ya gari. Tunajua wengine mtauliza: wauguzi na spana, wapi na wapi? Tunaomba mtuvumilie. Kuna ugonjwa unaoletwa hospitalini kwa jina la malaria, au la chakula kibaya cha njiani, kumbe umeanzia kwenye nati mbili zilizolegea chini ya miguu ya abiria.

Fikirini familia iliyotoka Mlowo alfajiri kwenda Tunduma kwa gari lao dogo. Ni mwezi wa Juni, baridi ya Mbozi mnaijua, na vioo vyote vimepandishwa. Kabla ya kufika Mpemba mtoto anasema kichwa kinamuuma. Mama naye anasikia kichefuchefu. Bibi aliyekaa nyuma amelala usingizi mzito, na wote wanadhani amechoka tu. Wakifika wanashuka, wanatembea sokoni, na baada ya saa moja wamechangamka. Jioni wanarudi kwa gari lile lile, na kichwa kinaanza tena. Kesho yake mtoto anapelekwa kupimwa malaria. Kipimo hakionyeshi kitu, lakini mzazi anasisitiza apewe dawa.

Ugonjwa wa namna hiyo una dalili zake za kuutambua. Watu wawili au watatu waliokaa pamoja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja. Hawana homa. Wakitoka nje wanapata nafuu, wakirudi ndani wanaumwa tena. Malaria haifanyi hivyo. Mkiona mambo hayo matatu, shukeni na mlikague gari.

Kinachowadhuru ni gesi iitwayo kaboni monoksidi. Injini inapochoma petroli, moto hauli mafuta yote sawasawa, na gesi hii hutoka pamoja na moshi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Harufu mbaya mnayoisikia kwenye moshi ni ya vitu vingine, hivyo mtu asiseme, "Mbona sisikii harufu, basi hakuna hatari." Ikiingia mapafuni hupita kwenye damu. Chembe nyekundu za damu tunaweza kuzifananisha na basi, na oksijeni ndiyo abiria anayepelekwa kwenye ubongo, moyo na viungo vyote. Gesi hii huking'ang'ania kiti cha oksijeni kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Basi linatembea kama kawaida, lakini abiria aliyetakiwa hakupata nafasi. Ubongo na moyo ndivyo vinavyolalamika kwanza: kichwa, kizunguzungu, kutapika, miguu kuwa mizito, akili kuchanganyikiwa, kisha usingizi, na mwisho kuzimia. Dereva akifikia hatua ya kuchanganyikiwa ndipo gari huacha njia, na pengine watu watasema alisinzia.

Mama mjamzito tunamtaja peke yake. Damu ya mtoto aliye tumboni huishika gesi hii kwa nguvu kuliko damu ya mama, tena huiachia polepole. Mama anaweza kujisikia vizuri huku mtoto bado yumo taabuni. Watoto wadogo nao hupumua harakaharaka, hivyo huvuta sumu nyingi kwa muda mfupi.

Sasa twende kwenye bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi. Bomba hilo si kipande kimoja. Linaanzia kwenye manifodi, yaani kile chuma chenye matawi kilichoshikamana na injini, linapita kwenye masega, kwa magari yaliyo nayo, linapita sailensa, kisha linatokea nyuma. Kila vipande vinapokutana pana uso bapa wa chuma, gasketi katikati, na bolti mbili au tatu za kubana. Injini ikifanya kazi chuma hupata moto mkali na kutanuka. Ikizimwa, hunywea. Jambo hilo hurudiwa kila siku, na juu yake kuna mitikisiko ya barabara za vumbi za kwenda Kamsamba au milima ya Ileje. Nati hulegea, gasketi huungua, na moshi hupata njia kabla haujafika nyuma. Ukivuja karibu na injini, feni inayoingiza hewa ndani huweza kuuvuta na kuuleta usoni kwa abiria. Ukivuja chini ya sakafu, hupenya kwenye matundu ya kutu au kwenye raba iliyochanika ya mkono wa gia.

Fundi hodari hatuhitaji kumfundisha kazi. Lakini mwenye gari akijua kazi sahihi ilivyo, atajua anacholipia.

Kwanza, gari lipoe kabisa. Bomba la moto huunguza vibaya, na nati iliyoshika kutu ikilazimishwa ingali ya moto huweza kukatika. Gari likiinuliwa, lisiachwe kwenye jeki peke yake; liwekewe stendi imara, na magurudumu yazuiwe. Wodini tunaona yanayowapata walioamini jeki. Kisha nati zimwagiwe mafuta ya kulainisha kutu na kuachwa kwa muda, nyuzi zisuguliwe kwa brashi ya waya, na nyuso zinazokutana zisafishwe hadi masizi na mabaki ya gasketi ya zamani yaishe. Gasketi iwe mpya. Ile iliyokwisha kubanwa na kuungua haifai kurudishwa, hata ikionekana nzima. Kipande cha kopo kilichozungushiwa waya, kama tunavyoona mara nyingi, hupunguza kelele tu, na sumu huendelea kupita.

Wakati wa kufunga, nati zote zianze kwa mkono, hata moja isikazwe kabla nyingine hazijashika. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Fundi mwenye haraka huikaza ya kwanza hadi mwisho, kisha anahamia ya pili. Uso unakaa upande, gasketi inabanwa pembe moja, na pembe nyingine inabaki wazi kama mdomo wa mtu anayecheka. Njia iliyo sahihi ni kukaza kidogo huku, kidogo kule, kwa zamu, mizunguko miwili au mitatu, mpaka zote zifikie nguvu inayotakiwa. Kwenye manifodi yenye bolti nyingi, kwa kawaida huanzwa zile za katikati na kuendelea kuelekea miisho. Bomba zima likiwa limefunguliwa, vipande vyote vishikizwe kwanza vikiwa vimelegea, raba za kulining'iniza ziwekwe mahali pake, bomba linyooke bila kugusa sakafu, ndipo kukaza kuanzie mbele kwenda nyuma.

Je, nguvu kiasi gani? Kila gari lina kipimo chake katika kitabu cha watengenezaji, na iko spana maalumu yenye kupima nguvu ya kukaza. Kama gereji yenu inayo, iulizeni itumike. Bolti ya milimita 8 haivumilii nguvu ya bolti ya milimita 10. Fundi anayechomeka bomba refu kwenye mpini wa spana ili apate nguvu zaidi huivuta bolti mpaka inakatika, au uso wa bomba unapinda, na hapo uvujaji unakuwa mkubwa kuliko ule wa mwanzo. Kukaza kupita kiasi ni kosa sawa na kulegeza. Baadhi ya maungio yana bolti zenye springi. Hizo zimewekwa makusudi ili bomba licheze kidogo, na springi hazitakiwi kusagwa zikaishiwa nafasi. Gari likishatembea siku chache, lirudishwe likiwa limepoa ili maungio yaangaliwe tena.

Mwenye gari anaweza kukagua mwenyewe bila spana. Asubuhi, gari likiwa nje mahali penye hewa, liwashwe na kusikilizwa kabla halijapata moto. Uvujaji kwenye manifodi hutoa sauti ya tiki-tiki inayoongezeka mafuta yakikanyagwa. Injini ikishazimwa na kupoa, tazameni maungio kwa tochi. Alama nyeusi ya masizi iliyotawanyika pembeni ya gasketi ndiyo njia ya moshi. Injini isiwashwe kwa ukaguzi ndani ya banda, hata milango ikiwa wazi.

Lakini hata bomba zima laweza kuwadhuru watu kama mzigo umepakiwa vibaya. Msimu wa mahindi tunaona magari yakitembea na mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba kwa sababu magunia yamezidi. Gari likienda, nyuma yake hewa huzunguka na kuvuta moshi kuurudisha ndani kupitia mlango huo. Waliokaa kiti cha nyuma huvuta moshi safari nzima. Vivyo hivyo kwa watoto wanaolazwa nyuma ya pikapu chini ya turubai ili wasipigwe na upepo. Mwaka 1992 watafiti wawili wa Seattle, Marekani, walichapisha habari za watoto 20 waliopata sumu hii wakiwa wamepanda nyuma ya pikapu zilizofunikwa, wengi chini ya kifuniko kigumu na wachache chini ya turubai. Watoto 15 walizimia. Mmoja alifariki, na mwingine alibaki na ulemavu wa kudumu wa ubongo. Katika magari yote hayo, ama bomba lilikuwa na uvujaji uliokwisha kujulikana, ama lilitokea nyuma badala ya ubavuni. Fikirini neno hilo, "uliokwisha kujulikana."

Kuhusu upepo, tunawaomba akina mama watuamini. Nimonia huletwa na vijidudu, na upepo wa dirishani hauileti. Mfunike mtoto kwa blanketi, kisha uache kioo wazi kidogo. Ila kioo kilichofunguliwa si dawa ya bomba linalovuja; ni cha kuwafikisha kwa fundi tu.

Kwa ndugu zetu madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Nakonde: tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe mwaka 2019 taratibu zimerahisishwa, lakini wapo bado wanaolala ndani ya gari usiku. Msilale na injini ikiunguruma. Injini ya dizeli hutoa kaboni monoksidi kidogo kuliko ya petroli, ni kweli, ila kidogo si sawa na hakuna, na gari la petroli lililoegeshwa jirani laweza kuwaletea yake. Tena moshi wa dizeli una madhara mengine: mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Na jiko la mkaa lisiingizwe kwenye kebini kamwe. Mkaa hutoa gesi ile ile, tena kwa wingi.

Mtu akizidiwa njiani, simamisheni gari, zimeni injini, fungueni milango yote na mtoeni nje penye hewa safi. Aliyezimia lakini anapumua alazwe ubavu. Asiyepumua asaidiwe kupumua na kukandamizwa kifua na anayejua kufanya hivyo, huku wengine wakitafuta usafiri. Usafiri huo uwe gari jingine. Maziwa hayasaidii hata kidogo, kwa kuwa sumu hii haikupitia tumboni, na aliyezimia akinyweshwa yatamwingia mapafuni. Apelekwe kituo chenye oksijeni, na mkifika semeni wazi: "Tulikuwa ndani ya gari, tumevuta moshi." Maneno hayo yanatusaidia sana, kwa sababu kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni hakitofautishi gesi hii na oksijeni, kinaweza kuonyesha 98 kwa mgonjwa aliye hatarini. Mtu akipumua hewa ya kawaida, gesi iliyomo kwenye damu hupungua nusu kwa muda wa saa nne hadi tano. Akipewa oksijeni safi kwa barakoa, muda huo hushuka hadi karibu saa moja na nusu. Mjamzito huhitaji kukaa kwenye oksijeni muda mrefu zaidi, hata kama ameshajisikia mzima, naye asikatae.

Baada ya kurudi nyumbani, familia imwangalie mgonjwa kwa wiki kadhaa. Wapo wanaopona kabisa, kisha baada ya siku au majuma wanaanza kusahausahau, kubadilika tabia au kuyumba wanapotembea. Huo si uchawi wala wazimu. Arudishwe hospitali na mweleze habari ya ule moshi. Na gari lenyewe lisibebe mtu mpaka fundi awe amefungua maungio na kubadilisha gasketi. Akisema amemaliza, mwombeni aliwashe asubuhi likiwa la baridi, nje, nanyi mkiwepo, mkalisikilize.