Biashara ya Vioo vya Magari London: Fedha Zimehamia kwenye Kamera

Barabara ya M25, inayoizunguka London kwa urefu wa kilomita 188, ilikamilika Oktoba 1986. Tipa za mchanga na kokoto, malori ya mizigo na magari madogo yanayokwenda maili 70 kwa saa hupita humo pamoja, mchana na usiku. Kokoto inaponasa kwenye meno ya tairi la lori kisha ikarushwa nyuma, gari linalofuata hupata alama kwenye kioo cha mbele isiyozidi ukucha wa kidole kidogo. Dereva hushtuka, huona njia bado inaonekana vizuri, huendelea na safari. Atakachofanya katika siku chache zinazofuata ndicho kitakachoamua ukubwa wa bili yake.

Alama hiyo ikizibwa mapema, ni kazi ya nusu saa na pauni makumi kadhaa. Ikiachwa ikageuka ufa, kioo kizima hubadilishwa kwa mamia ya pauni. Katika gari la kisasa, hata hiyo si bili ya mwisho.

Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Mkemia Mfaransa, Édouard Bénédictus, ndiye aliyesajili hataza ya kioo cha aina hiyo mwaka 1909. Miaka 3 baadaye kampuni ya Triplex iliundwa Uingereza ili kukitengeneza, na kiwanda chake kilikuwa Willesden, kaskazini-magharibi mwa London. Kwa sababu ya utando huo, kokoto huumiza kioo cha nje tu, na kilichoumia kwa nje fundi anaweza kukitibu.

Tiba yenyewe ni ya utulivu. Fundi huondoa vumbi la kioo na unyevu ndani ya kitundu, hufunga kifaa kidogo juu yake, hunyonya hewa yote, kisha husukuma ndani resini nyepesi hadi ijaze kila kijiufa. Taa ya mionzi ya urujuanimno huigandisha. Wembe hupita juu kukata kilichozidi, na kitambaa hung'arisha. Kovu dogo hubaki, lakini nguvu ya kioo hurudi. Adui mkubwa wa kazi hii ni maji na uchafu, na London haina uhaba wa mvua. Kitundu kilichokaa wazi kwa wiki kadhaa hakizibiki vizuri. Asubuhi ya baridi kali, dereva akiwasha hewa ya moto ghafla ili kuyeyusha barafu, joto hilo linaweza kuipeleka alama ndogo hadi ukingoni mwa kioo.

Sheria nayo ina vipimo vyake. Katika ukaguzi wa kila mwaka wa magari, MOT, eneo lenye upana wa milimita 290 lililo mbele ya usukani haliruhusiwi kuwa na athari inayozidi milimita 10. Sehemu nyingine inayofagiliwa na waipa, kikomo ni milimita 40. Gari likizidi hapo, limeanguka mtihani.

Nyuma ya fundi mmoja mwenye gari lake la kazi kuna kampuni kubwa sana. Wapenzi wa soka wanalikumbuka jina la Autoglass kwenye jezi za Chelsea kuanzia 1997 hadi 2001. Kampuni hiyo ni tawi la Belron, kampuni yenye makao Egham, magharibi mwa London, ambayo mizizi yake ni biashara ya vioo iliyoanza Cape Town mwaka 1897. Mwanahisa mkuu wa Belron ni D'Ieteren ya Ubelgiji, na Belron hiyo hiyo ndiyo inayomiliki Carglass barani Ulaya na Safelite huko Marekani. Lakini ukubwa si kinga. Februari 2011 mshindani wake, Auto Windscreens, alianguka mikononi mwa wafilisi akiwa na wafanyakazi zaidi ya 1,000. Jina lilinunuliwa, likaendelea chini ya wenye mali wapya.

Anayeamua kazi iende kwa nani, mara nyingi, ni kampuni ya bima. Mwenye bima kubwa kwa kawaida ana kinga ya vioo, na dai la kioo halimpunguzii punguzo la kutodai. Akikubali kuziba, hujilipia kiasi kidogo sana au halipi kabisa. Akibadilisha kioo, sehemu yake huwa kubwa zaidi, na akimwendea fundi aliye nje ya mkataba wa bima, hupanda tena. Kumdai mwenye lori ni vigumu, kwani kokoto iliyorushwa na tairi huhesabiwa kuwa bahati mbaya, ila ikithibitika kwamba mzigo haukufungwa sawasawa.

Kilichobadili hesabu ya biashara hii ni kamera. Magari mengi mapya yana kamera nyuma ya kioo, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, inayosoma mistari ya barabara na kusaidia gari kufunga breki lenyewe. Kioo kikibadilishwa, kamera hiyo lazima ipimwe upya. Ikikaa kombo hata kwa nyuzi chache, gari husoma barabara isiyopo. Upimaji mmoja hufanyika karakana, kwenye sakafu tambarare na mwanga ulio sawa, kwa mabango maalumu yaliyowekwa mbele ya gari. Mwingine hufanyika barabarani, kwa mwendo usiobadilika na mistari inayoonekana wazi. Ndani ya London, yenye foleni na mitaa mingi ya maili 20 kwa saa, huo wa pili ni mtihani.

Hapo ndipo fundi mdogo anapobanwa. Zamani alihitaji ustadi, gundi nzuri na gari la kazi. Leo anahitaji pia karakana yenye nafasi, kompyuta na programu za aina nyingi za magari. Gari la kazi nalo lina gharama yake: tangu 29 Agosti 2023, ULEZ, eneo la kutoza magari yanayochafua hewa, ilipoenea London yote, mwenye gari la zamani lisilokidhi viwango hulipa pauni 12.50 kwa kila siku anayoliendesha. Asiyemudu karakana na vifaa hivyo vya kupimia hubaki na kazi ya kuziba tu, huku kazi yenye faida ikienda kwa wakubwa.

Anayeumia zaidi kwa upande wa wateja ni dereva anayekula kwa gari lake, wakiwemo Wasomali na Waafrika Mashariki wengine wanaobeba abiria kwa programu za simu. Leseni ya gari lake hutolewa na TfL, mamlaka ya usafiri ya London, kwa mwaka mmoja, na kibandiko chake huwekwa kwenye kioo chenyewe. Kioo kikitolewa, kibandiko huondoka nacho na lazima aombe kingine. Siku ya kungoja kioo, gundi ikauke na kamera ipimwe ni siku isiyo na kipato.

Jambo hili haliishii London. Kenya huruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8, kwa hiyo yanayoshuka Mombasa sasa kutoka Japani ni ya zama za kamera. Subaru zenye mfumo wa EyeSight zina kamera mbili kwenye kioo hicho. Mwenye gari kama hilo, awe Kirinyaga Road jijini Nairobi au Willesden, anapaswa kumuuliza fundi mambo mawili kabla ya kukubaliana bei: je, alama hii bado inazibika? Na kama kioo kinabadilishwa, nani atapima kamera, na ataniandikia cheti cha matokeo?